Shuka Lililotajiwa Jina

Mmenifanyia jambo la upendo, sikatai, lakini mmenitia kwenye shida msiyoijua. Raonaid mjukuu wangu, wewe ndiye uliyefuma. Mama zako wameketi ubaoni wakalikanda, na mwisho wote mkalitaja jina langu juu yake. Nilisikia. Masikio bado ninayo, magoti ndiyo yaliyokwenda. Torcall, mkasema, Torcall alivae mpaka liishe. Sasa mmeniletea limekunjwa vizuri, mnangoja nisimame niwaonyeshe wazee walivyovaa shuka kubwa.

Kwanza hakuna anayesimama. Hapo tu mmeshakosea.

Shuka kubwa huvaliwa kwa kulala. Unatandaza mshipi sakafuni, juu yake unatandaza shuka, na shuka lenyewe ni refu kuliko nyumba ya watu wengine, vipande viwili vimeshonwa ubavu kwa ubavu kwa sababu mtambo wetu wa kufumia hautoi kitambaa kipana. Halafu unapiga magoti unakunja marinda katikati, moja juu ya jingine, huku na huku unaacha pande mbili bila kukunja. Ukimaliza unalala chali juu ya marinda, ncha ya chini ikufike gotini. Unaleta upande huu tumboni, unaleta na ule, unakaza mshipi, unainuka. Ule upande wa juu unakuangukia nyuma, unauchukua unaubana begani kwa pini, au mvua ikinyesha unajifunika nao kichwa. Mgeni akikukuta asubuhi anadhani umelewa ukaanguka.

Baba yangu Fearchar alikuwa akivaa huku anaongea na watu, hata haangalii. Mbwa wake alikuwa analala kwenye ncha moja ili lisisogee. Yule mbwa alikuwa mjinga kwa kila kitu kingine, kondoo walikuwa wanamfukuza yeye, lakini kazi hiyo aliijua.

Baba alikuwa mpeleka ng'ombe. Alikuwa anawashusha kutoka milimani kwetu mpaka kwenye minada ya kusini, na njia nzima shuka ndilo nyumba. Baridi ikizidi analichovya mtoni, analikamua, anajizungushia, analala hivyo hivyo kwenye theluji. Nyie mnacheka. Sufu ikilowa inavimba, upepo haupiti. Asubuhi anaamka anafuka mvuke kama chungu, anatafuna unga wake wa shayiri, anaendelea na safari. Suruali huwezi kulalia, mwanangu. Suruali ni miguu tu.

Vita vya yule mtoto wa mfalme tuliyemfuata mmevisikia mpaka mmechoka, sivirudii. Tulishindwa. Baada ya kushindwa ikaja sheria, mwanamume wa milimani asivae shuka tena, na asiye na suruali akatafute. Tukakusanywa uwanja wa kanisa, wanaume wote wa bondeni, tukapangwa mstari. Askari wa mfalme aliyetushinda wakatuapisha kwa chuma, kila mtu mkono wake juu ya jambia, na mnajua sisi kwa chuma hatusemi uongo. Baba aliapa, mie nilikuwa nyuma yake, nikaapa pia. Maneno yenyewe yalikuwa mazito. Kwamba nikivaa shuka, nisimwone tena mke wangu, wala watoto, wala baba wala mama, na nife kama mwoga, nilale bila kaburi nchi ya ugeni, mbali na mifupa ya wazee wangu. Aliyeyaandika alitujua. Angetutisha kwa jela tungecheka, lakini kaburi la mbali, hapo mtu wa kwetu anatetemeka.

Mama yangu, Gormal, akalikata shuka la baba akatushonea suruali, mie na ndugu yangu Alasdair, na moja ya baba. Siku ya kwanza baba ametoka nayo nje, jirani yetu Beathag alikuwa mlangoni kwake anakamua ng'ombe. Akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Fearchar, unatembea kama jogoo aliyefungwa miguu."

"Nimefungwa, lakini bado nawika," baba akamjibu. "Mumeo yuko huru, na mwaka huu sijamsikia."

Bonde zima lilicheka, na mume wa Beathag alicheka zaidi ya wote, masikini. Lakini nilimwona baba aliporudi ndani. Alikaa karibu na moto akawa anavuta kile kitambaa cha gotini, anakivuta, kama mtu anayetaka kuvua ngozi.

Miaka ikapita, si mingi. Siku moja tuko kwenye kuchimba ule udongo mweusi tunaochoma badala ya kuni, baba akadondoka. Hakupiga kelele. Tukamrudisha nyumbani juu ya kitoroli cha udongo. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Maneno yalitoka kama mtu anayetafuna jibini kavu. Lakini akili ilibaki, na hilo ndilo lilikuwa baya, maana alikuwa analala pale anajua kila kitu.

Mama hakulia. Alianza kusokota sufu.

Tulimwona anasokota, hatukuuliza. Mwanamke akisokota huulizi, ni kama kuuliza mvua. Halafu akachemsha rangi. Akakwangua ule ukoga wa kwenye mawe unaotoa kahawia, akatafuta na mizizi ya nyekundu. Alipopanga nyuzi kwenye mtambo ndipo Alasdair akanigusa kiwiko. Kahawia, kahawia, halafu uzi mwembamba wa nyekundu, halafu kahawia. Ilikuwa mistari ya shuka la baba, lile alilolikata kwa mkasi wake mwenyewe.

Nikamwuliza, mama, hii ni nini. Akasema ni blanketi. Nikasema blanketi gani refu hivyo. Akasema mgonjwa anasikia baridi. Basi.

Kwetu mtu akienda ardhini anaenda na nguo ya nyumba yake. Mama alikuwa anataka hilo tu, mumewe asizikwe na suruali. Hakutaka vita na mfalme. Hata jina la mfalme sidhani kama alikuwa analijua vizuri.

Likaisha kufumwa, ikaja kazi ya kulikanda ili sufu ishikane. Mlango wa ghala ukang'olewa ukalazwa juu ya magogo, pipa la mkojo uliochacha wa kusafishia sufu likatolewa, na mnajua harufu yake, siku hiyo wanaume wote tunakumbuka kazi za mbali. Wanawake wakakaa huku na huku, Beathag kwenye kichwa cha ubao, wanalipiga shuka ubaoni na kulizungusha kwa mwendo wa jua, na nyimbo. Mie nilibaki kwa sababu ya baba. Tulikuwa upande wa pili wa ukuta wa fito, tunasikia kila kitu. Baba alikuwa amefumba macho, na ule mkono wake mzima, wa kushoto, ulikuwa unapiga kitandani taratibu kuwafuatisha.

Halafu nyimbo zikaisha. Unajua mwisho wake, Raonaid, juzi mmefanya wenyewe. Nguo inakunjwa, inageuzwa, na inatajiwa mwenyewe. Si ya mwizi, si ya mgeni, ni ya fulani, aivae mpaka iishe. Nguo isiyotajiwa mtu ni kitambaa tu, unaweza kuuza, unaweza kukata. Iliyotajiwa haina mwingine. Ukimpa mwingine unampa na mkosi, na mwenyewe akiikataa ni kama ameukataa uzima alioombewa.

Nikasikia Beathag ananong'ona, "Gormal, liache hivi. Sema ni la nyumba. Nani atajua?"

Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaita kuku, "Ni la Fearchar. Alivae mpaka liishe."

Ikabidi wote waitikie. Ule mkono wa baba ukaacha kupiga.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na watu wawili ambao hawakugombana na hawakupatana. Shuka lilikuwa limekunjwa juu ya sanduku, miguuni pa kitanda, baba analitazama mchana kutwa. Mama akatoka kwenda kukamua, baba akaniita kwa ule mkono. Nikainama. Akasema nisikubali avishwe. Ilimchukua muda mrefu kusema hivyo. Nikamwambia, baba, mama anasema ni baada ya, nikashindwa kutaja. Akataja mwenyewe. Akasema chuma hakikuuliza kama yeye ni mzima au maiti, kiliuliza kama atavaa. Na akivaa, atalala mbali na wazee wake. Hajui kwa njia gani, labda mto utafurika ulichukue kaburi, labda wana wake ndio watakaolala mbali. Hilo la mwisho ndilo lililomsumbua zaidi, alilirudia.

Nikaenda kwa mama kwenye ng'ombe. Nikamweleza. Akaendelea kukamua.

"Nimeshalitaja jina lake, Torcall. Unataka nilirudishe mdomoni?"

Nikasema angeweza kuuliza kwanza.

"Ningeuliza angekataa."

Sasa niwaambie, huyu alikuwa na haki na yule alikuwa na haki, na mie katikati kama kipande cha ngozi kati ya mbwa wawili, isipokuwa mbwa wenyewe walikuwa wanapendana. Mchungaji wa kanisa tulimwuliza. Akasema kiapo ni cha Mungu na kutaja majina juu ya nguo ni ushirikina. Hakusaidia kitu, aliongeza tu mtu wa tatu.

Ndipo nikaona niende kwa askari. Kulikuwa na kituo chao kule daraja la chini, na sajini mmoja anaitwa Tuke. Hakuwa mtu mbaya. Hilo huwa linawaudhi vijana nikisema, wanataka awe na pembe. Nilimkuta ameweka miguu kwenye beseni la maji moto, madimbwi yetu yalikuwa yameila miguu yake mpaka vidole vimekaa kama viazi vilivyooza. Lugha yao nilijifunza minadani na baba, ya kuuzia ng'ombe. Nikamweleza kwa lugha hiyo ya ng'ombe kwamba mzee yuko karibu kufa na mke wake anataka kumzika na shuka.

"Ameshakufa?"

"Bado."

"Basi bado hana kosa."

Nikamwuliza akifa je. Akafikiri, kweli alifikiri, alitoa mguu mmoja majini akausahau hewani. Akasema sheria imetaja mwanamume na mvulana, maiti haikutaja, na yeye si wa kuiongezea maneno. Anayejua ni kapteni, na kapteni yuko kusini, harudi mpaka theluji inayokuja iyeyuke.

"Mwambie baba yako asubiri," akasema. Hakuwa anatania. Alisema kama unavyomwambia mtu daraja litatengenezwa.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema mazishi yetu ameamriwa ahudhurie, kwa kuwa watu wengi wakikusanyika lazima askari awepo. Kwa hiyo atakuwepo. Kama shuka limefungwa mshipi, ni vazi, na ataulizia mkono uliofunga, na mwenye mkono huo atachukuliwa. Kama halijafungwa ni blanketi, na yeye hakuletwa huku kuhesabu mablanketi. Akarudisha mguu majini.

Mtu mwingine angerudi na habari hiyo akaificha. Lakini nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na ukuta wa fito, ungeficha wapi. Nilimwambia mama kwa sauti ndogo na baba akasikia yote.

Mama akasema atafunga yeye. Wamchukue yeye, wampeleke ng'ambo, mzee kama yeye atawafaa nini. Alasdair akasema hapana, atafunga yeye. Nikasema mie. Tukawa pale tunagombania kama watoto wanaogombania kuchukua ndoo. Mara tukasikia kitanda kinagongwa. Baba. Akasema neno moja, na lilitoka lote, halikukatika.

"Tandikeni."

Ilikuwa mchana, jua lilikuwa limeingia kupitia mlango wazi mpaka karibu na moto. Tukasogeza viti. Mama akaleta mshipi, ule wa zamani wa ngozi ya fahali wenye bizimu la shaba, akaunyoosha sakafuni, tukatandaza shuka juu yake. Likajaza nyumba. Sijawahi kuona kitu kizuri vile na sijawahi kuona kitu kilichokuwa hakina faida vile. Mie na Alasdair tukapiga magoti tukaanza kukunja, na miaka yote ile hatujakunja, mikono imesahau. Baba alikuwa anatuangalia kutoka kitandani, akainua kidole.

"Hilo," akasema. "Pua ya ng'ombe."

Kweli lilikuwa limekaa kama pua ya ng'ombe. Nikalifumua nikalikunja upya. Akanifanya nilirudie tena. Na rinda la Alasdair akalikataa pia. Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu baba aanguke, na baba akamtazama. Nadhani alitandikisha kwa ajili ya hicho tu. Lakini mie nitajuaje.

Tukambeba tukamlaza juu ya marinda, na shati lake tu, ncha gotini. Alasdair akaleta upande mmoja, mie nikaleta mwingine. Mama alikuwa amepiga magoti kichwani pa baba, akaja tumboni, akashika ncha mbili za mshipi. Ule mkono wa kushoto ukatoka, ukafunika bizimu.

"Gormal," akasema. "Mama wa nyumba."

"Nimelitaja jina lako, mwenye nyumba."

"Najua."

"Usipolivaa, nimemfumia nani?"

Mkono ulibaki pale pale. Ulikuwa mkono mdogo sasa, mama angeweza kuuondoa kwa vidole viwili, na baba alijua hivyo, na mama alijua. Alikaa ameshika zile ncha, hakuvuta. Tulisikia ng'ombe wa Beathag kule nje analia kutaka kukamuliwa.

Kisha baba akasema tumwinue.

Nikamwambia baba, bila mshipi halitakaa. Akasema tena, niinueni. Basi nikapita kwapa hili na Alasdair lile, tukamsimamisha. Shuka likaja naye kidogo, kama linataka. Halafu marinda yakafunguka moja moja, likateleza kiunoni, likapita magotini, likalala sakafuni. Akabaki katikati yake na shati, miguu yake miwili myeupe, myembamba kama ya ndama aliyezaliwa leo, na ule mmoja haukuwa hata unakanyaga. Nilitaka kulidaka. Nikilidaka ninamwangusha. Alasdair hivyo hivyo. Mama alikuwa na mikono yote miwili mizima na hakuna alichoweza kufanya nayo.

Baba akainamisha kichwa akalitazama.

"Marinda yalikuwa mazuri," akasema.

Hakutoka tena kitandani. Alikufa kabla ya theluji, kapteni akiwa bado kusini.

Tulimfunika kwa lile shuka kama blanketi, bila marinda, bila mshipi. Siku ya kuzika watu walijaa, na sajini Tuke alikuja na askari wake wawili, anachechemea. Alivua kofia, hilo nalisema. Jeneza likiwa bado wazi, akasogea, akainama, akainua shuka tumboni kwa baba, akatia mkono wake akapapasa kiunoni kutafuta mshipi. Wanaume wa bonde zima walikuwa wamesimama pale, watu waliowahi kushika panga. Mie nilikuwa nimesimama na mikono yangu hapa, hivi. Akaona hakuna, akalirudisha shuka akalinyoosha vizuri, vizuri kabisa kama muuguzi, akanitikisia kichwa kwamba haya, endeleeni.

Mshipi ulikuwa kiunoni kwa mama. Alikuwa ameufunga juu ya gauni, mbele za watu, na kwa kuwa sheria haikumtaja mwanamke sajini aliutazama akatazama pembeni. Ulimzunguka karibu mara mbili. Ndicho kilichowezekana, na hakikusaidia kitu. Alimsogelea sajini akamwambia kwa lugha yetu ambayo yule hakuielewa, "Hakulivaa. Umeona. Hakulivaa." Sajini akaniuliza mama yako anasema nini. Nikamwambia anakushukuru kwa kuja.

Mpaka mama anakufa hakuacha kuuliza. Anakaa, anapika uji, ghafla ananiuliza, Torcall, unadhani alilala nalo kama lake au kama blanketi tu? Wakati mwingine nilisema kama lake. Wakati mwingine nilisema sijui. Alikuwa anapokea majibu yote kwa namna moja.

Sasa sheria wameifuta. Walikuja wakaisoma kanisani kwa lugha zote mbili, watu wakarusha kofia, kijana mmoja alianguka kwenye makaburi kwa furaha. Mie nilikuwa nasikiliza kwa makini mpaka neno la mwisho. Walifuta sheria. Kiapo hakuna aliyekitaja. Niliapa kwa chuma, mkono wangu huu, na aliyeniapisha alishazikwa kwao huko, nitamfuata wapi anifungue. Na wengi wa ukoo wetu wako mbali, wawili wako ng'ambo ya bahari kwa hiari zao, nami kila nikisikia upepo nawaza maneno yale kuhusu kulala mbali.

Nanyi mmeshalitaja jina langu.

Usilie, Raonaid. Hukujua. Ningekuwa nimewaambia zamani, lakini mtu anaanzia wapi. Lete ule mshipi wa baba yangu pale ukutani, upitishe chini kabla ya kutandaza, usisahau, wengi husahau. Tandika. Marinda nitakunja mwenyewe, na wewe utanishika mgongo nikishuka. Nitalala juu yake. Nikishalala, tutaona mkono wangu utakwenda wapi.